Kambi za msituni Stockholm: kutoka Skarpnäck mpaka Högdalen

Majani yameshaanguka yote, saa tisa alasiri giza limeingia, na baridi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Kuna swali moja mmeniuliza sana, kwa simu na kwa ujumbe: "Hivi ni kweli Uswidi kuna watu wanalala nje? Uswidi hii hii?" Mjomba wangu wa Tanga hataki kabisa kuamini. Yeye anaikumbuka Uswidi ya miaka ya Mwalimu, ile iliyotusaidia visima na shule vijijini. Anasema nchi kama ile haiwezi kuwa na mtu anayelala msituni chini ya turubai.

Jibu fupi ni ndiyo, wapo. Jibu refu ni historia, na ndiyo nimeona leo niwasimulie. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukueni kikombe cha chai kwanza.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2017 idara ya serikali inayosimamia ustawi wa jamii ilihesabu watu wapatao 33,000 wasio na makazi nchini. Mwaka 2023 ikahesabu kama 27,000. Lakini msidhani hao wote wako barabarani. Wengi wao wako kwenye mabweni ya usiku, kwenye vyumba vya muda vya halmashauri, au wanajibanza kwa rafiki. Hapa Stockholm foleni ya kungoja nyumba ya kupanga ina watu zaidi ya 700,000, na mtu huweza kungoja miaka minane, kumi. Kwa hiyo kukosa nyumba si jambo la mlevi peke yake kama wengine wanavyofikiri. Kuna hata gazeti la mtaani, Situation Sthlm, lililoanza 1995, ambalo linauzwa na watu wasio na makazi wenyewe ili wapate chochote.

Ila kambi za msituni ni hadithi nyingine. Mahema, mabanda ya mbao na turubai, miti imezunguka, watoto wanacheza kwenye matope... Hizo zina historia yake, na kwa sehemu kubwa ni historia ya watu wamoja: Waroma.

Waroma ni akina nani?

Msiwachanganye na Warumi wa kwenye Biblia. Wala si lazima watoke Romania, ingawa wengi wanaishi huko. Waroma ni watu ambao mababu zao walitoka kaskazini mwa India miaka kama elfu moja iliyopita, wakasogea taratibu mpaka Ulaya. Lugha yao hadi leo ni ndugu ya lugha za India. Zamani Waswidi waliwaita kwa jina ambalo siku hizi ni tusi, kwa hiyo sitaliandika hapa.

Basi sikilizeni jambo la kushangaza. Vitabu vya kumbukumbu vya mji wa Stockholm vinasema kuwa tarehe 29 Septemba 1512, siku ya Mtakatifu Mikaeli, kundi la familia kama 30 liliingia mjini likiongozwa na mtu aliyeitwa Anthonius. Walisema wanatoka "Misri Ndogo". Stockholm wakati huo ilikuwa kimji kidogo tu, pale kisiwani panapoitwa sasa Gamla Stan, yaani Mji Mkongwe. Je, mji ulifanyaje na hawa wageni? Ukawapa jengo la kulala, na juu yake ukawapa fedha, marki 20.

Mara ya kwanza kabisa walipokelewa vizuri! Mgeni aje mwenyeji apone, au siyo? Lakini haikudumu.

Mwaka 1637 ilitoka sheria ya kuwafukuza Waroma nchini. Mwanaume aliyekutwa baada ya muda uliowekwa aliweza kunyongwa bila hata kufikishwa mahakamani, na wanawake na watoto wakasukumwa nje ya mipaka. Mwaka 1885 ikaja sheria ya uzururaji. Mtu asiye na kazi wala makazi aliweza kukamatwa, kuonywa, na akirudia kupelekwa kazi za lazima. Sheria hiyo haikuwahusu Waroma peke yao, iliwapiga maskini wote, ikafutwa mwanzoni mwa 1965. Wale wenye umri kidogo mtakuwa mmekumbuka "Nguvu Kazi" yetu ya mwaka 1983, watu walivyokuwa wakizolewa Dar es Salaam na kuambiwa warudi vijijini wakalime. Basi mjue wazungu nao walikuwa na yao.

Halafu mwaka 1914 Uswidi ikafunga mpaka kwa Waroma. Mroma wa kutoka nje haingii. Katazo hilo lilikaa mpaka 1954. Hebu pigeni hesabu: Vita Kuu ya Kwanza ikapita, ya Pili ikapita, Wanazi wakaua Waroma laki kadhaa huko Ulaya, na muda wote huo mlango wa Uswidi ulikuwa umepigwa komeo kwa ajili yao.

Mtego wa kutokukaa

Sasa wale waliokuwa ndani ya nchi tayari waliishi vipi? Hawakuwa wengi, mpaka miaka ya 1940 hawakufika hata 1,000 katika lile kundi lililokuwa likiishi kwenye mahema. Walikuwa mafundi wa shaba, wakipaka bati masufuria ya hoteli na hospitali. Walipiga muziki, waliendesha bembea na michezo ya maonyesho kutoka mji hadi mji. Kiangazi njiani, na majira ya baridi kwenye hema hilohilo, theluji nje.

Watu wengi waliamini, na wengine bado wanaamini, kwamba Waroma walihamahama kwa sababu ni asili yao, damu yao haitulii. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Wakifika mahali, mara nyingi waliruhusiwa kukaa siku chache tu au wiki chache, halafu polisi au viongozi wa halmashauri wanakuja: ondokeni. Hawana anwani, kwa hiyo hawaandikishwi kama wakazi. Hawajaandikishwa, kwa hiyo halmashauri inasema hawa si watu wetu, hatuna deni nao. Mtoto akipelekwa shule, anaambiwa nyinyi si wa hapa. Baba akitafuta nyumba ya kupanga, anaambiwa nyinyi si mnahamahama?

Mnauona mtego? Mtu anafukuzwa kila mahali, halafu anaambiwa kwamba kwa tabia yake hapendi kukaa mahali pamoja!

Na mambo haya yalitokea wakati gani? Wakati ambao Uswidi ilikuwa inajenga sifa yake. Mwaka 1928 mwanasiasa Per Albin Hansson, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alitoa hotuba mashuhuri kwamba taifa linapaswa kuwa kama nyumba njema, ambayo ndani yake hakuna mtoto wa kupendelewa wala mtoto wa kambo. Wazo hilo linaitwa "folkhemmet", yaani nyumba ya wananchi. Ndilo lililozaa huduma zote hizi tunazozisifu, matibabu, shule, pensheni. Sisi Watanzania tuliozoea maneno ya ujamaa na udugu tunalielewa mara moja.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1929, mwandishi Ivar Lo-Johansson alitoa kitabu kuhusu kiangazi alichosafiri na Waroma. Katika jina la kitabu aliwaita watu wasio na makazi. Nyumba ya wananchi inajengwa, na watu wengine wako nje ya ukuta wake wakiangalia moshi wa jikoni...

Kambi ya Skarpnäck

Tuje sasa kwenye kambi yenyewe. Wale mliowahi kunitembelea mnaijua treni ya chini ya ardhi, ule mstari wa kijani namba 17. Ukikaa mpaka mwisho kabisa unashukia Skarpnäck. Stesheni ile ilifunguliwa 1994, na mtaa wenyewe, nyumba za matofali mekundu, ulianza kujengwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo palikuwa na uwanja mpana na kiwanja kidogo cha ndege, na msitu.

Pale ndipo kuanzia 1959 palipokuwa na kambi ya Waroma, mojawapo ya kambi za mwisho za namna ile nchini. Ilidumu mpaka miaka ya mwanzo ya 1960. Waliishi kwenye mahema, matela na mabanda. Hawa hawakuwa wageni jamani! Walikuwa wamezaliwa Uswidi, wanazungumza Kiswidi, lakini wanaishi pembeni kabisa ya mji mkuu wa nchi tajiri, kwenye matope, na mvua na theluji zao.

Na kumbukeni, Stockholm yenyewe wakati huo ilikuwa na njaa ya nyumba. Watu walikuwa wanahamia mjini kwa maelfu. Waswidi wa kawaida nao walipanga foleni miaka. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kusema: hatuna nyumba za kuwapa wetu, tutawapa vipi hawa? Maneno hayo mmewahi kuyasikia? Mimi nimeyasikia, na hayakuwa yakiwahusu Waroma.

Sasa nini kilibadilisha mambo? Mambo mawili. La kwanza, serikali ilikuwa imeunda tume mwaka 1954 kuchunguza hali ya Waroma, na baadaye ikaanza kuzisaidia halmashauri kwa fedha ili ziwape makazi. Yaani ile hoja ya "nani atalipa?" ikapunguzwa nguvu. Nayo Mroma akaanza kuhesabiwa kuwa mkazi wa mahali fulani, kama mtu mwingine.

La pili ni mwanamke mmoja. Jina lake Katarina Taikon.

Katarina alizaliwa 1932, baba Mroma, mama Mswidi, na mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Utoto wake ulikuwa ni huo wa mahema na kufukuzwa. Aliozwa akiwa binti mdogo. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa mtu mzima, umri wa miaka ishirini na kitu! Mwaka 1963 akatoa kitabu chake cha kwanza, akieleza jinsi watu wake wanavyoishi na jinsi viongozi wanavyowazungusha. Waswidi walishtuka. Wengi kwa kweli hawakujua, au walikuwa wamechagua kutokujua.

Yeye na dada yake Rosa, aliyekuwa sonara hodari wa fedha, walizunguka, waliandika magazetini, waliandamana, waliwabana mawaziri. Hawakuomba sadaka. Walidai vitu viwili: nyumba na shule. Ndiyo maana watu humfananisha na Martin Luther King. Baadaye, kuanzia 1969, aliandika vitabu vya watoto kuhusu msichana aitwaye Katitzi, na kizazi kizima cha watoto wa Uswidi kimekua kikisoma vitabu hivyo. Mwaka 1982 moyo wake ulisimama ghafla, akazirai na hakuzinduka tena. Alilala hivyo miaka 13 mpaka alipofariki mwishoni mwa 1995. Rosa aliendelea kupaza sauti mpaka alipofariki 2017.

Na kambi ya Skarpnäck iliishaje? Iliisha kwa funguo. Familia moja moja zilipewa nyumba za kupanga, na kambi ikabaki tupu. Sisemi ilikuwa rahisi. Nyumba nyingine zilikuwa mbovu, zinangoja kubomolewa. Majirani wengine walipinga. Watu wazima ambao hawakuwahi kukaa darasani waliambiwa watafute kazi mjini wakati ufundi wa shaba umeshakufa. Lakini kambi iliisha, na haikurudi mahali pengine. Ule ubishi wa miaka mingi kwamba hawa watu hawawezi kukaa nyumbani uliisha mara tu walipopewa nyumba ya kukaa!

Kisha kati ya 1965 na 1974 Uswidi ikajenga nyumba milioni moja katika nchi ya watu milioni nane. Mitaa mingi ambayo sisi wahamiaji tunakaa sasa, Tensta, Rinkeby na mingine, ilizaliwa katika mpango huo. Kwa miaka kama arobaini mtoto wa Stockholm aliweza kukua bila kuona hema la familia msituni, isipokuwa watu waliokwenda kupiga kambi kwa starehe.

Kambi zarudi: Högdalen

Januari 1, 2007, Romania na Bulgaria ziliingia Umoja wa Ulaya. Raia wa Umoja huo anaruhusiwa kwenda nchi nyingine ya Umoja na kukaa miezi mitatu bila viza wala kibali. Huko Romania na Bulgaria, Waroma ni maskini wa maskini, vijiji vyao vingine havina maji wala umeme, na kazi hawapewi. Baada ya uchumi wa dunia kuyumba 2008, wengi walikuwa wakitafuta riziki Italia na Uhispania, na kule nako kukakauka. Wakaanza kuja kaskazini.

Kufikia 2015 walikadiriwa kuwa karibu 5,000 katika nchi nzima. Mliokuja wakati ule mliwaona: karibu kila mlango wa duka la chakula, mama amekaa chini na kikombe cha karatasi, anakuambia "hej hej". Wengine waliokota makopo na chupa, maana huku kila kopo lina amana, ukilirudisha unapata hela kidogo.

Usiku walilala wapi? Wenye bahati kwenye gari. Wengine kwenye vitanda vya dharura vya makanisa na mashirika kama Stadsmissionen, ambayo imekuwa ikihudumia maskini wa Stockholm tangu 1853. Na wengine msituni.

Kambi iliyojulikana sana hapa mjini ilikuwa Högdalen, kusini mwa Stockholm. Ni mstari huohuo wa kijani, namba 19 badala ya 17. Pale kuna vilima ambavyo si vya Mungu, vimetengenezwa kwa kumwaga takataka na vifusi vya mji kwa miaka mingi, na karibu yake kuna kiwanda kinachochoma taka ili kupasha joto nyumba zetu. Kwenye miti ya maeneo hayo ndiko familia zilijenga vibanda vya mbao za kuokota, turubai, mazulia kuukuu, jiko la kuni ndani. Hakuna choo, hakuna maji, na moto ni hatari kila usiku.

Mwaka 2014 kambi hiyo ilivunjwa. Huku kazi hiyo hufanywa na idara inayoitwa Kronofogden. Ni kama dalali wa mahakama, ila yeye ni wa serikali. Inakuja barua, inakuja siku, wanakuja maofisa na polisi, halafu mitambo. Watu wanabeba mablanketi na masufuria yao... wanaenda wapi? Msitu mwingine. Na Högdalen kwenyewe vibanda vilichipuka tena.

Sasa angalieni kejeli ya historia. Mwaka huohuo, Machi 2014, serikali ya Uswidi ilitoa kitabu cheupe, ripoti rasmi ya kukiri maovu waliyotendewa Waroma katika karne ya 20: kufungiwa mipaka, kunyimwa nyumba, kunyimwa shule, kuhesabiwa na kuorodheshwa, wanawake kufungwa uzazi. Jina la ripoti linasema ni historia ya giza, isiyojulikana. Mjumbe mmoja wa Kiroma aliyealikwa kwenye shughuli hiyo alikataliwa kuingia sehemu ya kifungua kinywa katika hoteli aliyolala, kwa ajili ya sura na mavazi yake. Na miezi sita tu kabla, Septemba 2013, gazeti la Dagens Nyheter lilikuwa limefichua kuwa polisi wa kusini mwa nchi walikuwa na orodha ya Waroma zaidi ya 4,000, wamo watoto wadogo, kosa lao ni ukoo. Kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 2016 na tena kwenye rufaa 2017 serikali ikashindwa.

Kwa hiyo mkono mmoja unaandika samahani ya kambi za zamani, na mkono mwingine unavunja kambi mpya.

Malmö na Msimbazi

Kambi kubwa kuliko zote haikuwa Stockholm, ilikuwa Malmö, kusini kabisa, kwenye kiwanja kilichokuwa cha kiwanda mtaa wa Sorgenfri. Watu kama 200 walikaa pale. Alfajiri ya Novemba 3, 2015 polisi walikuja na kuisafisha. Wengi wao walikwenda kukaa mbele ya jengo la halmashauri kwa siku kadhaa, kwenye baridi, kwa sababu hawakuwa na pengine.

Mwezi uliofuata, Desemba 2015, nilikuwa nasoma habari za nyumbani. Bonde la Msimbazi, Hananasif, alama za X nyekundu ukutani, tingatinga, akina mama wamekalia magodoro nje. Jamani, ilikuwa picha ileile! Najua Msimbazi kuna mafuriko na watu hufa, sibishi hilo. Najua pia kwamba baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Lakini mnajua wenyewe wangapi walirudi mjini, kwa sababu Mabwepande ilikuwa mbali na kibarua, mbali na soko, mbali na shule. Kumpa mtu mahali pa kulala bila njia ya kupata riziki ni nusu ya dawa.

Huku nako walibishana sana nini cha kufanya. Serikali iliteua mratibu wa taifa, Martin Valfridsson, naye Februari 2016 alitoa ripoti yake. Alisema wajibu wa kwanza ni wa nchi walikotoka, akashauri watu wasiwape ombaomba hela mkononi bali wayape mashirika yanayofanya kazi huko Romania na Bulgaria. Akapinga pia halmashauri kuwatengea maeneo ya kupiga kambi. Julai 1, 2017 sheria ikabadilishwa ili iwe rahisi zaidi kuvunja kambi. Zamani mwenye kiwanja alitakiwa kuwataja wanaokaa pale ni akina nani, sasa hakulazimika tena. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya utawala ikaruhusu mji mdogo wa Vellinge kupiga marufuku kuomba katika baadhi ya maeneo. Na mwishoni mwa mwaka huohuo Amnesty wakatoa ripoti wakisema Uswidi inawaacha watu hawa bila hata haki za msingi kama mahali pa kulala na matibabu.

Lazima tuwe waadilifu. Watu wa Skarpnäck walikuwa watu wa Uswidi. Watu wa Högdalen walikuwa raia wa Romania, na Uswidi inasema haiwezi kuwa ustawi wa jamii wa Ulaya nzima. Hoja hiyo ina uzito, na hata mimi mlipa kodi naielewa. Romania nayo imepokea fedha nyingi za Umoja wa Ulaya, na haki ni kuiuliza imewafanyia nini watu wake.

Lakini ninapoweka kambi hizi mbili upande kwa upande, naona jambo moja ambalo halina ubishi. Skarpnäck haikuvunjwa, iliisha, kwa sababu kila familia iliyotoka ilikuwa na mahali pa kwenda. Högdalen ilivunjwa, na kwa hiyo haikuisha, ilihama tu. Kuvunja kambi ni kuhamisha umaskini kutoka machoni pa watu hawa kwenda machoni pa wale. Wenye kubomoa wanajua hivyo, maana baada ya muda wanaitwa tena, msitu mwingine, watu walewale.

Kwa nini nawaandikia haya? Kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanaotamani kuja huku wajue kwamba Ulaya si lami na taa peke yake. Sheria ya nchi nzuri nayo inaweza kumsahau mtu kwa miaka mia, halafu ikaomba radhi. Na pili, kwa ajili yetu wenyewe. Maneno yaliyosemwa juu ya Waroma, kwamba ni wavivu, hawapendi kukaa, wana nyumba kubwa huko kwao na wanaigiza tu umaskini, nayasikia pia nyumbani kuhusu watoto wa mitaani, machinga na watu wa mabondeni. Kila mara kabla ya tingatinga kuna maneno. Tukiyasikia maneno hayo, tuulize swali moja tu: wakitoka hapa, wanaenda wapi? Kama hakuna anayejibu, basi kazi bado haijaanza.

Pale Skarpnäck siku hizi kuna maktaba, kuna shule, watoto wa kila rangi wanacheza mpira, na wengine ni wajukuu wa watu waliozaliwa kwenye mahema. Katarina Taikon alidai nyumba na shule, na vilitosha kuanzia.

Haya ndugu zanguni, nimewachosha. Msalimieni bibi, mwambieni vitenge vimefika na nimeshavishona. Wazee wa Tanga na Dar mnaokumbuka enzi za Nguvu Kazi, niandikieni mlichokiona, maana na sisi historia yetu tusipoiandika itakuja kuitwa ya giza, isiyojulikana.

Tuko pamoja. Nawatakieni wiki njema!